Safu ya Ushauri: Mwenyekiti anataka tuombe ruzuku kwa semina ambazo hatutazifanya

Ndugu Mshauri,

Mimi ni katibu wa asasi ndogo ya kujitolea katika Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga. Kazi yetu ni kuwatembelea wazee wanaolea wajukuu: tunawachukulia dawa zahanati, tunawafulia, tunawasaidia kufuatilia mambo ya shule za watoto, na mwaka unapokuwa mzuri tunawanunulia wajukuu sare na madaftari. Hatujawahi kuwa na mfadhili wa kudumu. Tuliishi kwa michango ya wanachama na kwa viti 200 vya plastiki na maturubai mawili tuliyokuwa tukikodisha kwenye harusi, maulidi na misiba. Kabla ya mwaka 2020 tulipata wastani wa kazi tatu kwa mwezi, kila moja ikituingizia shilingi 60,000, na kodi ya ofisi, ambayo ni shilingi 80,000 kwa mwezi, ilitoka humo bila taabu.

Mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa na mikusanyiko kuzuiwa, simu za kuulizia viti zilikatika kama uzi. Hata baada ya hali kulegea, watu waliendelea kufanya shughuli zao kwa udogo, ndani ya ua, kwa viti vya majirani. Wakati huohuo wazee wetu ndio waliokuwa hatarini kuliko wote, kwa hiyo tuliuza viti 60 tukanunua ndoo za koki, sabuni na barakoa za kitambaa tukawagawia nyumba kwa nyumba. Sijutii uamuzi huo, ila matokeo yake ndiyo haya: kati ya wahudumu 22 wa kujitolea wamebaki 9, kati ya baiskeli 12 zinatembea 5, na tunadaiwa kodi ya miezi 14, yaani shilingi 1,120,000. Mwenye nyumba ni muungwana, lakini siku hizi akipita hasalimii.

Sasa mfuko mmoja umetangaza ruzuku kwa asasi za kiraia zilizoyumba kwa sababu ya UVIKO-19. Kiwango cha juu ni shilingi milioni 25. Tangazo linasema fedha ni za kurejesha huduma zilizosimama na kuimarisha asasi, na kwamba hazitalipa madeni ya nyuma. Mwisho wa kupokea maombi ni wiki tano kutoka leo.

Mama Mwenyekiti wetu, ambaye ndiye aliyeianzisha asasi hii na ambaye sote tunamheshimu kama mzazi, anataka tuandike semina nne za kuwajengea wahudumu uwezo, kila moja shilingi milioni 3. Tutafanya moja, zile tatu tutakusanya sahihi za mahudhurio tu, na fedha zake zilipe madeni. Anasema kila asasi hufanya hivyo na kwamba mimi naleta usomi. Ametuletea pia kijana wa kutuandikia andiko la mradi, ambaye hataki malipo ya mbele bali asilimia 10 ya ruzuku ikishaingia.

Kuna tatizo jingine. Mfuko unataka hesabu za miaka mitatu. Mweka hazina wetu wa wakati ule alihamia Mwanza, akatuachia risiti ndani ya mfuko wa plastiki. Nilipoufungua, nyingi zilikuwa karatasi nyeupe tupu, maandishi yamefutika. Ada na taarifa za mwaka kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali hatujapeleka kwa miaka miwili. Wanachama nao wananiuliza kwa nini zile fedha za UVIKO zilizotangazwa sana redioni hazikutufikia hata senti moja.

Nisisahau kusema kwamba katika kipindi kigumu Mama Mwenyekiti alikuwa akinunua dawa za wazee kwa fedha zake mwenyewe. Ana daftari, na jumla yake ni shilingi 1,860,000. Nimeulizia bei mjini: kiti ni shilingi 18,000 na baiskeli ni 250,000. Nifanyeje bila kuivunja asasi?

Katibu, Korogwe

JIBU

Ndugu Katibu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye jambo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni nyongeza tu: daftari la Mama Mwenyekiti. Nadhani hizo semina tatu za hewa ni daftari hilo likizungumza. Mtu aliyetoa shilingi 1,860,000 za mfukoni mwake, na ambaye hajawahi kuona hata mstari mmoja wa mukhtasari wa kikao unaokiri kwamba asasi inadaiwa naye, ana haki ya kuhofu kwamba fedha yake imekwisha zama. Kwa hiyo usimwendee kama mtu anayemzuia mwizi, kwa kuwa huyu si mwizi. Nitarudi kwake baada ya kupita kwenye hesabu, kwa maana bila hesabu hutakuwa na cha kumwambia.

Kuhusu fedha za UVIKO, wajibu wanachama wako kwa kifupi. Ule ulikuwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kwa Serikali, takriban shilingi trilioni 1.3, uliopitishwa Septemba 2021, na sehemu yake iliyoonekana zaidi kwa macho ni madarasa 15,000, yakiwamo 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani matawi ya shule za msingi yaliyo mbali na shule mama. Ulikuwa mkopo wa Taifa kwa huduma za umma. Haukuwa ruzuku kwa asasi za kiraia, na hakuna mtu aliyekula fungu lenu.

Sasa tuje kwenye ruzuku yenyewe. Mama Mwenyekiti anaamini kwamba mfadhili hawezi kutoa fedha ya kodi ya ofisi, mhasibu au baiskeli, na kwamba lazima mahitaji hayo yavishwe nguo za semina ndipo yapite. Imani hiyo haikutoka hewani. Kwa miaka mingi wafadhili walipenda kulipia shughuli zinazopigwa picha, huku gharama za uendeshaji zikitazamwa kama ulafi. Lakini janga lilibadilisha mengi. Juni 2020 Ford Foundation, ambayo ina ofisi Nairobi kwa ajili ya Afrika Mashariki, iliuza hatifungani, yaani hati za kukopa fedha kwa wawekezaji, za dola bilioni 1 ili iongeze ruzuku kwa mashirika yaliyokuwa yanazama, na miezi michache kabla ya hapo taasisi nyingi za ufadhili zilikuwa zimeahidi hadharani kulegeza masharti yao ili walioruzukiwa waweze kulipa mishahara na kodi. Mfuko mliouona nyinyi unasema wazi kwamba fedha ni za kuimarisha asasi. Kodi ya miezi 12 ijayo ni kuimarisha asasi. Mhasibu wa muda, vivyo hivyo. Basi viandikeni kwa majina yake.

Na viti pia. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu naona umevitaja viti 60 kama hasara iliyopita, wakati mimi naviona ndiyo kiini cha ombi lenu. Mwenye harusi anayetaka viti 200 hachukui 140 kwako na kwenda kutafuta 60 kwingine; anakwenda moja kwa moja kwa mwenye 200. Kwa hiyo upungufu wa viti 60 haukuwapunguzia theluthi ya mapato. Umewanyima kazi nzima. Kwa bei uliyoniandikia, kuvirudisha ni shilingi 1,080,000, na kazi zikirudi kuwa tatu kwa mwezi mtapata shilingi 180,000. Toeni 30,000 ya guta na matengenezo, zinabaki 150,000. Ikiwa ruzuku italipa kodi ya mwaka mmoja ujao, mapato hayo yote ni yenu, na ni yenu kihalali: ndani ya miezi 12 ni shilingi 1,800,000, ambayo inamaliza deni la mwenye nyumba lote na kumpunguzia Mama Mwenyekiti shilingi 680,000. Mwaka wa pili kodi mtajilipia wenyewe, mtabakiwa na 70,000 kwa mwezi, na deni lake lililobaki la 1,180,000 litakwisha katika miezi 17. Ni polepole, nakubali. Hata hivyo, madeni yatalipwa na viti, mfadhili hataguswa, na tangazo lililokataza madeni ya nyuma halitakuwa limekiukwa.

Ukijumlisha, hamhitaji milioni 25. Viti ni 1,080,000. Baiskeli saba ni 1,750,000. Kodi ya mwaka ni 960,000. Mhasibu wa muda, nimemkadiria kwa 150,000 kwa mwezi, ni 1,800,000. Nauli ya wahudumu 22 kwa 20,000 kila mwezi ni 5,280,000. Na semina moja ya kweli ya kuwapokea wahudumu wapya mnaowahitaji kuziba nafasi 13, tuseme 1,200,000. Jumla ni shilingi 12,070,000. Asasi yenye wahudumu tisa ikiomba kiwango cha juu kabisa, msomaji wa maombi hujiuliza kama imepiga hesabu au imesoma tangazo tu. Kuna na sababu ya kisheria: kwa kanuni za mwaka 2018 zilizotungwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 unapaswa kuwasilishwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kutiwa saini. Si jambo la kuogopwa, lakini kwa asasi ambayo bado inadaiwa taarifa za miaka miwili, ni heri kuanza chini ya kiwango hicho.

Kuhusu sahihi za mahudhurio, sitakuhutubia, ila nitakueleza zinavyokamatwa. Mkaguzi hapokei orodha na kuiweka pembeni. Anatazama wino: watu 30 wametia sahihi kwa kalamu moja, na herufi ya kwanza ya majina matano imekunjwa kwa mkono uleule. Anachukua namba tatu za simu na kupiga. Anauliza chakula kilikuwa nini, ukumbi ulikuwa na milango mingapi. Kisha anaomba risiti ya ukumbi na kumpigia mwenye ukumbi. Katika mji mdogo kama Korogwe, mahali ambapo mwenye ukumbi huenda ni shemeji wa mmoja wenu, jambo hilo halidumu hata wiki. Na barua ya kudai fedha zirudishwe haitaandikwa kwa Mama Mwenyekiti peke yake. Itaandikwa kwa waliotia saini mkataba, na katibu ni mmojawapo.

Yule kijana wa asilimia 10, mshukuruni na mmwache aende. Hakuna mfuko unaokubali kifungu cha bajeti kinachoitwa asilimia ya mwandishi, kwa hiyo fedha yake italazimika kufichwa ndani ya kifungu kingine, na mtakuwa mmerudi kwenye semina za hewa kwa mlango wa nyuma. Tena malipo yake yanakua kadiri ombi linavyokua, jambo linalomfanya aandike milioni 25 hata pale mnapohitaji 12. Andikeni wenyewe. Barua uliyonitumia mimi imeeleza hali yenu vizuri kuliko maandiko mengi yenye maneno mazito. Ichukue, uipange upya chini ya vichwa vya fomu, kisha mwombe Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri aisome. Kama mnataka mtu wa kuwasaidia bajeti, mlipeni ujira uliokubaliwa, wa siku mbili tatu, kutoka kwenye michango yenu, upatikane au usipatikane ufadhili.

Hesabu za miaka iliyopita ndizo zitakazokusumbua zaidi. Risiti za mashine za EFD, zile za kielektroniki za kutolea risiti za kodi, huchapwa kwa joto kwenye karatasi laini, na zikikaa kwenye plastiki mahali penye joto hufutika hivyo hivyo ulivyoona. Zile zenye maandishi hafifu zipige picha kwa simu kwenye mwanga unaotoka ubavuni, dirishani asubuhi, utashangaa tarakimu ngapi zinajitokeza. Kwa zilizofutika kabisa, usiende stationari kununua kitabu cha risiti na kujaza. Nakuonya kwa sababu utashauriwa hivyo, tena na mtu mwema. Nenda benki uombe taarifa ya akaunti ya kipindi chote, omba na taarifa ya miamala ya namba ya simu mliyotumia kulipia, kisha weka kila fedha iliyotoka mkabala na ushahidi uliopo: muuzaji wa ndoo anayeweza kutoa nakala ya ankara, orodha ya kaya zilizopokea, mukhtasari wa kikao kilichoamua kuuza viti. Mweka hazina aliye Mwanza ana simu. Mwombe aandike kurasa mbili za maelezo na kuzitia saini. Zile ambazo hazitapatikana ushahidi, kamati iandike kiasi chake na kusema kwamba kumbukumbu zake zimepotea. Shilingi 300,000 zisizo na risiti lakini zimekiriwa hazitishi msomaji wa maombi kama kitabu cha risiti kipya kabisa chenye tarehe za 2020.

Halafu uandikieni mfuko sasa, kabla ya kutuma ombi, mkiuliza kama watapokea taarifa ya mapato na matumizi iliyothibitishwa na kamati kwa miaka hiyo, pamoja na hesabu kamili za mwaka wa tatu. Wakikataa, ulizeni kama asasi kubwa zaidi mnayoaminiana nayo inaweza kupokea fedha kwa niaba yenu na kuzisimamia. Na kama hilo nalo limeshindikana, mfuko huu si wa mwisho. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam, kwa mfano, imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za Tanzania kwa zaidi ya miaka 20. Ila kila mlango mtakaoubisha utawauliza jambo lilelile la hesabu, hivyo kazi hiyo haitapotea.

Kwa Msajili nendeni mapema kuliko mnavyotaka. Ngazi ya wilaya yupo Msajili Msaidizi, na kwa kawaida ni yuleyule Afisa Maendeleo ya Jamii mtakayempelekea andiko. Cheti cha usajili, ambacho tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 hudumu miaka 10, hakiwaondolei wajibu wa ada na taarifa za kila mwaka, na mfadhili makini ataulizia hali yenu huko kabla ya kusaini chochote. Pelekeni taarifa za miaka yote miwili kwa pamoja, na barua ya kueleza kwa nini zimechelewa.

Mtu mmoja asikushawishi, hata hivyo, kuziba mapengo haya kwa mkopo unaotokana na ile asilimia 10 ya mapato ambayo halmashauri hutenga kuvikopesha vikundi. Huo ni mkopo, hata kama hauna riba, na umelengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wanaofanya biashara. Kuchukua mkopo ili ulipe kodi ya nyuma ni kuhamisha deni kutoka kwa jirani asiyekusalimia kwenda kwa halmashauri.

Sasa turudi kwa Mama Mwenyekiti. Usilitoe jambo hili kwenye kikao. Nenda nyumbani kwake jioni, na usiende peke yako. Mchukue mjumbe wa kamati anayelingana naye kwa umri, ambaye anaweza kusema neno ambalo wewe, kwa nafasi yako ya mtoto, huwezi kulisema. Usianze na semina. Anza na daftari. Mwombe alilete, likae mezani, mpitie pamoja ukurasa kwa ukurasa, dawa kwa dawa, na jina la mzee aliyepelekewa liandikwe pembeni, kwa maana baadhi yao huenda wamekwisha fariki na yeye ndiye anayewakumbuka. Kisha mwambie kwamba umeandaa azimio la kamati linalolitambua deni hilo, na kwamba yeye hatapigia kura azimio hilo kwa kuwa linamhusu. Mwonyeshe hesabu ya viti: 680,000 mwaka wa kwanza, na miezi 17 ya 70,000 baada ya hapo. Akiona kwamba fedha yake ina tarehe ya kurudi, nadhani habari ya semina tatu hutahitaji kuigusa sana.

Inawezekana akakataa. Inawezekana pia akakujibu kwamba hadai kitu, kwamba alitoa kwa ajili ya Mungu. Watu wa aina yake husema hivyo wakishaheshimiwa. Akisema hivyo, lipokeeni kwa shukrani, lakini liandikwe kwenye mukhtasari kama mchango wake kwa asasi, kwa kiasi chake kamili, kwa sababu fomu ya maombi itakuwa na sehemu inayouliza asasi yenyewe ilichangia nini wakati wa janga. Na akishikilia kwamba lazima semina ziandikwe, basi weka msimamo wako kwa maandishi kwenye kamati, kwa adabu, na usitie saini ombi hilo.

Una wiki tano. Benki huchukua siku kadhaa kutoa taarifa za miaka ya nyuma, kwa hiyo anzia huko Jumatatu, kisha jioni yake upite kwa mwenye nyumba umwonyeshe hii hesabu ya viti, ajue kodi yake ya miezi 14 iko wapi kwenye mstari.

Mshauri